Harufu Ikizidi, Njia Hupotea

Ukienda kufungua mzinga, usile ndizi njiani. Mgeni akiambiwa hivyo kule Ngong au Kiserian hudhani ni mwiko wa wazee, kumbe ni kemia. Nyuki akichoma, mwiba hubaki ngozini pamoja na kifuko cha sumu, na papo hapo hutoka mvuke ambao sehemu yake kubwa ni isoamili asetati. Kitu hichohicho ndicho kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Nyuki walinzi wakikinusa hawaulizi kama kimetoka kwa mwenzao au kwenye mfuko wako wa chakula.

Ndiyo sababu aliyechomwa mara moja kifundoni huchomwa tena palepale, mara tatu, mara nne, ilhali mwenzake aliyesimama kando hajaguswa. Mahali pale pameshatiwa alama. Kwangua mwiba mara moja kwa ukucha, kwa kisu, kwa ukingo wa kadi, chochote kilicho karibu. Kifuko huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akiwa ameshaondoka, kwa hiyo kuchelewa kunaumiza kuliko kukosea namna ya kutoa. Kisha pulizia moshi palipochomwa, mara mbili tatu, ili ile harufu ifunikwe. Usipunge mikono. Ukilazimika kuondoka, pita katikati ya vichaka, usikimbilie mahali peupe. Ovaroli na glavu zifuliwe kila baada ya kazi kwa sabuni isiyo na manukato, maana miiba iliyokwama kwenye kitambaa huja kukusalimia siku nyingine.

Moshi wenyewe haueleweki vizuri. Watu husema unalewesha nyuki. Haulewishi wala haulazi. Unachofanya ni kuvifanya vipapasio vyao vishindwe kuisoma harufu ya hatari kwa muda, na muda huo ni mfupi, dakika 10 hadi 20, kisha vinarudi kama vilivyokuwa. Wakati huohuo nyuki hukimbilia asali na kujaza matumbo, kama watu wanaofunga virago moto ukikaribia. Basi kazi ya mzingani hupangwa kwa kipimo hicho: puliza mara tatu au nne mlangoni, ngoja dakika mbili, fungua, puliza kidogo juu ya viunzi, zile fremu za mbao zinazobeba masega, fanya kazi. Ukiona vichwa vingi vimepanda kati ya viunzi na kukutazama, ongeza mpulizo mmoja.

Magunzi ya mahindi, mavi makavu ya ng'ombe na gunia kuukuu la katani lisilotiwa dawa yanatosha. Mafuta ya taa, plastiki na kadibodi yenye rangi ni marufuku. Moshi uwe mweupe na wa baridi. Upime kwa mgongo wa mkono, umbali wa shubiri moja kutoka mdomo wa bomba la moshi. Ukiuunguza mkono utaunguza mabawa, kwa hiyo shindilia majani mabichi juu ya moto. Anayeanza huzidisha moshi kwa sababu ya woga, na hapo mambo mawili huharibika pamoja. Nyuki huanza kukimbia ovyo ndani ya mzinga, halafu asali ambayo nyuki hawajaifunika kwa nta hunyonya moshi. Mnunuzi wa Nairobi akifungua chupa na kunusa jiko, bei imeshashuka kabla hajaonja.

Kuzidisha ndilo kosa ambalo hurudi kila mahali penye kazi ya harufu, mzingani, kwenye mtego wa nzi, jikoni, hata puani mwa mtu. Harufu haisambai hewani kama rangi kwenye maji yaliyotulia. Upepo huichana ikawa nyuzi: hapa ipo, hatua moja kando haipo, kisha ipo tena. Mdudu anayetafuta akigusa uzi mmoja huruka kuelekea upepo unakotoka. Akiupoteza, hukata kushoto na kulia mpaka augonge tena. Akizungukwa na harufu kila upande, uzi haupo, na safari husimama. Nondo dume huacha kumtafuta jike kabisa akiwekwa ndani ya hewa iliyojaa harufu yake, na wakulima wa matunda katika nchi nyingi wameigeuza hali hiyo kuwa njia ya kuzuia nondo wasijamiiane.

Ndivyo ilivyo kwa mchaichai. Nyuki anapotaka kuwaita wenzake nyumbani, huinua mkia mlangoni, hufunua tezi iliyo karibu na ncha yake na kupepea mabawa. Harufu inayotoka ina jeranioli na sitrali, na mchaichai una sitrali kwa wingi. Kwa mzinga mtupu unaosubiri kundi jipya, matone mawili au matatu ya mafuta ya mchaichai kwenye kipande cha pamba yanatosha. Tia pamba hiyo kwenye mfuko mdogo wa plastiki, acha upenyo kidogo tu, uweke nyuma ndani ya mzinga ili harufu itokee mlangoni. Aliyemimina nusu chupa hupata mzinga unaonuka kwenye kila kiungo cha mbao, na watafutaji huzunguka kuta bila kuingia.

Nta kuukuu ina nguvu kuliko mchaichai. Yeyusha kidogo, paka mstari chini ya kila kiunzi, kisha sugua gundi ya nyuki, ile wanayozibia nyufa, karibu na mlango. Mzinga uliowahi kukaliwa hupata wageni mapema kuliko mpya, na mpya uliopakwa rangi jana haupati kitu. Uache nje majuma kadhaa hadi wewe mwenyewe ukiingiza kichwa usisikie rangi. Nafasi ya ndani iwe lita 40 hivi, na uupandishe mita 3 au zaidi ukiweza. Uwekwe kabla maua ya baada ya mvua hayajafunguka. Ukiuweka baada ya makundi kupita, utakuwa unafuga buibui.

Kila mzinga una harufu yake, na nyuki hujua wa kwao kwa harufu hiyo. Ukitaka kuunganisha kundi lisilo na malkia na kundi lenye malkia, ukiwamwaga pamoja watauana. Tumia ukurasa mmoja wa gazeti. Jioni, ondoa kifuniko cha sanduku la chini lenye malkia, tandaza gazeti juu yake, litoboe matundu manne au matano kwa msumari mwembamba, kisha pandisha sanduku la wale yatima. Watatafuna karatasi kwa siku mbili tatu, na kufikia wakati huo harufu zimeshachanganyika na hakuna wa kumwita mwenzake mgeni. Karatasi mbili ni nyingi. Nyuki wa juu wanaweza kufa kwa joto kabla hawajapenya. Malkia mpya naye hukaa ndani ya kizimba siku tatu hadi nne. Kabla ya kumfungulia, mwangalie. Nyuki wakiwa wameng'ang'ania waya na kuuma, rudisha kizimba. Wakiwa wanatembea juu yake na kumlisha kwa ulimi, ukiweza kuwasukuma kwa kidole wakasogea kwa urahisi, mfungulie.

Tutoke mzingani. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na tangu hapo mwenye mwembe au mparachichi nyuma ya nyumba anajua habari ya funza. Dume wa nzi huyu huvutwa na kivutio cha harufu kiitwacho methili eujenoli kwa namna ambayo usipoiona huwezi kuamini. Mtego ukitundikwa asubuhi, mchana una mamia. Mkulima hufurahi, anapiga picha, na wiki mbili baadaye maembe yanaoza kama kawaida. Amekamata madume. Wanaotaga mayai ni majike, na majike hawana haja na methili eujenoli. Hao hutafuta protini, kwa sababu bila protini mayai hayakomai.

Kwa hiyo tundika mitego ya aina mbili. Wa madume ni chupa ya lita moja iliyotobolewa matundu manne yenye upana wa kidole kwenye theluthi ya juu, pamba yenye mililita mbili tatu za kivutio ikining'inia ndani, na maji ya sabuni chini. Wa majike ni chupa kama hiyo yenye robo lita ya maji, vijiko viwili vya chai vya hamira na viwili vya sukari. Mchanganyiko wa hamira hubadilishwa kila wiki, maana ukishaoza kabisa huita nzi wa chooni. Kivutio cha madume hudumu wiki nne hadi sita, pungufu wakati wa joto. Mitego yote itundikwe kivulini, mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, upande upepo unakotoka ili nyuzi za harufu zipite ndani ya mti. Paka grisi kwenye waya. Usipopaka, sisimizi hushuka na kula nzi wote, nawe utaona chupa tupu na kusema dawa haifanyi kazi.

Kosa la aibu zaidi kwenye mtego huu ni mikono. Mtu hutia kivutio kwa mkono mtupu, kisha anashika chupa, waya na tawi. Sasa tawi linanuka kuliko pamba. Nzi hutua nje ya chupa na kwenye majani, na baadhi humfuata yeye mpaka jikoni. Vaa glavu za mpira, tia kivutio mbali na shamba, tupa glavu. Matunda yaliyoanguka yasiachwe chini. Yafunge kwenye mfuko mweusi na uuanike juani juma zima, au yafukie kina cha nusu mita na zaidi.

Wale vinzi vidogo wanaozunguka ndizi jikoni ni wengine kabisa. Hao wanataka harufu ya kuchacha, yaani siki na pombe. Glasi, vijiko vitatu vya siki, kipande cha ndizi iliyoiva sana, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ili wasiweze kusimama juu ya maji, na karatasi iliyokunjwa kama faneli. Tone moja tu. Sabuni ya ndimu ikizidi, glasi hunuka usafi, na kinzi hatafuti usafi.

Kuna harufu za kufukuza pia. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi unaweza kumwona kuro, swala mkubwa mwenye duara jeupe matakoni na harufu nzito ya jasho. Mahali penye mbung'o, kuro haumwi sana ingawa nyati jirani yake anaumwa. Wanasayansi wa icipe, taasisi ya wadudu iliyopo Kasarani, walizitenga harufu za kuro na kuzitia kwenye kola za ng'ombe, na mbung'o wakapungua kwenye mifugo hiyo. Upande wa kuvuta, mtego wa Nguruman, ule wa kitambaa cha bluu na cheusi, huwekewa asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mkojo uliokaa siku kadhaa ndio unaofaa, kwa kuwa bakteria huwa wameshaachilia zile fenoli ambazo mbung'o hufuata. Mkojo wa leo asubuhi ni dhaifu.

Siafu hawana macho, na msafara wote ule huenda kwa harufu ya waliotangulia. Sisimizi wa jikoni nao huacha nyuma yao njia ya harufu. Kuwaponda ni kazi bure. Njia imebaki, na waliobaki wataifuata. Futa mstari mzima kwa maji ya sabuni, tangu ufa wanakotokea hadi sukari wanakoishia. Ukitaka kulimaliza kundi, usifute siku hiyo. Changanya nusu kijiko cha chai cha boraksi, vijiko vinane vya sukari na kikombe cha maji ya uvuguvugu, lowesha pamba, iweke kando ya njia yao, mbali na watoto na paka. Boraksi ikiwa nyingi wafanyakazi hufa njiani kabla hawajamfikishia malkia. Tena kuzidisha.

Kwa mbwa wa kunusa, kama wale wanaokagua mizigo kwenye uwanja wa ndege wa JKIA, tatizo huhamia kwa mwalimu. Mafunzo huanza na makopo sita au manane yanayofanana, moja lina harufu inayotafutwa, na mbwa akisimama penyewe hupewa mpira au kipande cha nyama papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Shida ni kwamba mbwa hujifunza chochote kinacholitofautisha kopo lile. Kama sampuli ilifungwa kwa utepe wa gundi na makopo mengine hayana utepe, mbwa amejifunza utepe. Kama ni kopo hilo peke yake lililoshikwa kwa mkono, amejifunza mkono. Kwa hiyo utepe uleule, glavu zilezile na mfuko uleule huwekwa kwenye makopo yote, na makopo huoshwa na kubadilishana nafasi kila mzunguko. Anayemwongoza asijue kopo ni lipi. Mbwa husoma bega la mtu linalosita kuliko tunavyodhani. Mchana wa joto pua ya mbwa huchoka upesi, maana anayehema kwa mdomo hanusi. Dakika 15 au 20 za kazi, kisha maji na kivuli.

Mbwa ana jeni za vipokezi vya harufu 800 hivi, binadamu karibu 400, tembo wa Afrika karibu 2,000. Tembo wa Amboseli walipowekewa nguo zilizovaliwa na wanaume Wamaasai na nguo zilizovaliwa na Wakamba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walizikimbia za Wamaasai kwa kasi zaidi na kwenda mbali zaidi. Wamaasai walikuwa na historia ya kuwachoma tembo mikuki. Wakamba wale walikuwa wakulima. Tembo hakumwona mtu yeyote. Alisoma nguo.

Binadamu mwenye 400 bado anafanya kazi kubwa. Anayepokea maziwa huanza na pua kabla ya kipimo chochote. Fungua kifuniko na uinuse hewa ya juu palepale, kwa sababu mvuke uliokusanyika mtungini hutoka mara moja tu. Ukifungua kisha ukasalimiana na dereva, umenusa barabara. Uchachu wenyewe ni rahisi kuujua. Harufu za kuazima ndizo ngumu. Maziwa hunyonya harufu ya vitunguu, mafuta ya taa, banda lenye samadi na jerikeni lililowahi kubeba sabuni, na plastiki haiachi harufu hata ukiiosha mara tano, ndiyo maana mtungi wa alumini unapendelewa. Sileji (malisho yaliyochachushwa) na majani ya kabichi ng'ombe apewe baada ya kukamuliwa. Akila kabla, ladha iko kwenye ndoo.

Mnusaji asijipake manukato, asivute sigara wala kutafuna chingamu kabla ya kazi. Na asinuse mtungi mmoja kwa muda mrefu, kwa kuwa pua huzoea ndani ya dakika chache, ikaacha kabisa kuripoti. Mtungi wa kumi na mbili huonekana mzuri kwa sababu ya huo wa kumi na moja. Vuta pumzi mbili fupi, jiandikie hukumu, kisha nusa mkunjo wa kiwiko chako mwenyewe au toka nje. Ukirudi na bado una shaka, pasha kikombe kimoja hadi kiwe vuguvugu. Joto hupandisha harufu iliyojificha kwenye baridi.

Kuzoea huko ndiko kunakohatarisha jikoni. Gesi ya kupikia haina harufu ya maana. Huongezwa ethili merkaptani, ile ya yai bovu, ili mtu aisikie. Aliyekaa chumbani na uvujaji mdogo kwa nusu saa haisikii tena, na anayeingia kutoka nje huisikia mlangoni. Mgeni akisema kuna gesi, mwamini kuliko mwenyeji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, kwa hiyo inama unuse karibu na sakafu. Usiguse swichi, hata kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka. Baadaye paka povu la sabuni pale regyuleta inapokaa na kwenye viungo vya mpira. Kiputo kinachokua ndicho jibu. Na usitegemee pua usiku. Harufu haimwamshi mtu aliyelala kama sauti inavyomwamsha.

Jiko la makaa ni baya zaidi, kwa kuwa hapo pua hudanganya moja kwa moja. Msimu wa baridi wa Julai, jiko huwashwa nje ya mlango hadi moshi uishe, makaa yakawa mekundu na hayanuki tena, kisha huingizwa ndani na mlango ukafungwa. Moshi ndio uliokuwa na harufu. Makaa mekundu yasiyonuka ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi, nayo haina harufu kabisa, na pua ya mtu haiwezi kuigundua. Kichwa kikianza kuuma kwa wote walio chumbani kwa wakati mmoja, kila mtu atoke nje kwanza, jiko lifuate baadaye.